Siti binti Saad: kutoka vyungu vya Fumba hadi santuri za Bombay

Wengi wenu mnaofuatilia filamu za Kihindi mnajua kwamba waigizaji kadhaa wakubwa wa kule hawakuanzia kwenye sinema. Shah Rukh Khan, kwa mfano, alianza kujulikana kupitia tamthilia ya televisheni ya Fauji mwaka 1989, na filamu yake ya kwanza kuonyeshwa, Deewana, ikatoka mwaka 1992. Alitoka kwenye chombo kimoja akaingia kwenye kingine, na jina lake likavuka mipaka ya India. Filamu hizo hutengenezwa Mumbai, mji ambao zamani uliitwa Bombay.

Zaidi ya miaka 60 kabla ya hapo, mwanamke mmoja wa Unguja alivuka Bahari ya Hindi kwenda Bombay hiyo hiyo. Wakati huo alikuwa ameshapata umaarufu kwa kuimba mbele ya watu, uso kwa uso. Alikwenda kukutana na chombo kipya, yaani santuri. Aliporudi, sauti yake ilianza kusikika mahali ambapo yeye mwenyewe hakuwahi kukanyaga. Mwanamke huyo ni Siti binti Saad, na katika makala hii tunaeleza alikotoka, namna alivyofika huko, na kwa nini jina lake bado linatajwa.

Alizaliwa wapi?

Siti alizaliwa karibu mwaka 1880 katika kijiji cha Fumba, kwenye rasi iliyo kusini-magharibi mwa kisiwa cha Unguja. Baba yake, Saad, alikuwa na asili ya Unyamwezi, na mama yake asili ya Uzigua. Wote wawili walitokana na watu walioletwa kisiwani na biashara ya utumwa. Mtoto wao alipozaliwa alipewa jina la Mtumwa. Jina la Siti, ambalo asili yake ni Kiarabu na maana yake ni bibi mwenye heshima, lilimjia baadaye, alipokuwa mjini.

Ili tuelewe uzito wa majina hayo mawili, tukumbuke hali ya Unguja ya wakati ule. Soko la watumwa la mjini lilifungwa mwaka 1873, lakini watu hawakuwa huru mara moja. Amri ya kuondoa utumwa kisheria ilitolewa mwaka 1897, Siti akiwa msichana wa miaka kama 17. Hata baada ya amri hiyo, jamii iliendelea kumpima mtu kwa asili yake, mavazi yake, lafudhi yake na mahali anapokaa. Mtoto wa watu waliokuwa watumwa hakutarajiwa kuketi na wakubwa, sembuse kuimbia wafalme.

Fumba kilikuwa kijiji cha wavuvi, wakulima na wafinyanzi. Kufinyanga ilikuwa kazi ya wanawake, na Siti aliijifunza kwa mama yake. Udongo huchimbwa, hukandwa, huumbwa kwa mkono, chombo kikaachwa kikauke kabla ya kuchomwa moto. Kazi ni ngumu na bei yake ni ndogo, na chombo kikipasuka motoni jasho lote limepotea. Siti hakusoma shule. Elimu aliyokuwa nayo ni ya mikono na ya masikio.

Vyungu vikishakuwa tayari lazima vipelekwe kwenye wanunuzi. Kutoka Fumba hadi mjini ni kiasi cha kilomita 20. Siti alitembea na mzigo wake kichwani akipita vijijini na mitaani, akinadi bidhaa kwa sauti. Inasimuliwa kwamba watu waliijua sauti hiyo kabla hawajamwona mwenyewe, wakatoka nje kumsubiri. Huko kunadi vyungu ndiko kulikokuwa mazoezi yake ya kwanza ya kuimba, ingawa wakati huo hakuna aliyekuita kuimba.

Aliingiaje kwenye taarab?

Mwaka 1911 Siti aliacha kijiji akahamia mjini. Alikuwa na umri wa miaka kama 31. Mwaka huo huo Sayyid Khalifa bin Harub alikalia kiti cha usultani, chini ya ulinzi wa Waingereza.

Mji wa Unguja ulikuwa na pande mbili. Upande mmoja ni Mji Mkongwe wenye majumba ya mawe, milango ya nakshi, maduka ya Wahindi na jumba la Sultani. Upande wa pili, ng'ambo ya hori la maji, ni mitaa ya nyumba za udongo na makuti, ambayo hadi leo inaitwa Ng'ambo. Huko waliishi wachukuzi, mafundi, watumishi, wavuvi, na wengi waliotoka mashamba baada ya utumwa kuondolewa. Siti alifikia upande wa watu wa aina yake.

Taarab ya wakati ule haikuwa ya watu hao. Inasimuliwa kwamba Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye aliyeileta Unguja. Alimtuma kijana aitwaye Mohamed Ibrahim kwenda Misri kujifunza kupiga kanuni, ala yenye nyuzi nyingi. Mwaka 1905 ikaanzishwa klabu ya Ikhwani Safaa, ambayo ipo mpaka leo. Muziki huo ulipigwa na wanaume, kwa lugha ya Kiarabu, na ulisikilizwa na watu wa tabaka la juu. Wengi wa waliokuwa wakiishi Ng'ambo hawakuelewa maneno yake.

Siti alikutana na Ali Muhsin, mtu wa Ikhwani Safaa, ambaye alisikia kipaji chake na kukubali kumfundisha. Alijifunza kuimba kwa Kiarabu kwa kusikia na kushika, bila kitabu. Hatimaye akaunda kikundi na wanamuziki wengine, wakiwemo Subeit bin Ambar, Buda bin Swedi, Mbaruk Effandi Talsam na Maalim Shaaban Umbaye. Walipiga udi, fidla na ngoma ndogo, wakakutana mara kwa mara kufanya mazoezi na kutunga.

Hapo ndipo lilipofanyika jambo kubwa. Siti na wenzake walichukua muziki wa jumba la Sultani wakauimba kwa Kiswahili. Kiarabu hawakukiacha, na nyimbo za Kihindi pia waliziimba, maana mji ulikuwa na wasikilizaji wa kila asili. Lakini Kiswahili ndicho kilichomfanya mchukuzi wa bandarini na mwanamke wa Ng'ambo wasimame dirishani wasikilize. Sasa waliweza kucheka pale pa kuchekwa, na kunyamaza palipouma.

Mialiko ikaja kutoka pande zote mbili za hori. Siti aliimba kwenye harusi za watu wa kawaida, kwenye nyumba za matajiri wa Kiarabu na wa Kihindi, na mbele ya Sultani. Binti wa mfinyanzi akaingia kwa mlango wa mbele mahali ambapo watu wa asili yake waliingilia jikoni.

Si wote waliofurahi. Wako waliotunga nyimbo za kumkejeli, wakamkumbusha kwamba alikuja mjini na kaniki, vazi la watumwa na maskini, na kwamba koo lake likinyamaza riziki yake nayo itakatika. Siti hakugombana nao barazani. Alijibu kwa wimbo, akieleza kwamba kukosa sura nzuri au ukoo mkubwa si aibu, na kwamba aibu ya kweli ni kukosa akili.

Kwa nini alikwenda Bombay?

Hadi kufikia mwaka 1928, njia pekee ya kumsikia Siti ilikuwa kuwa mahali alipo. Wimbo ukishaisha, umekwisha. Kilichobaki ni kumbukumbu za waliohudhuria.

Santuri ilibadilisha hali hiyo. Kwa vijana wetu ambao hawajaiona, tueleze. Sahani ya santuri ilikuwa duara nyeusi, nzito, yenye mifereji myembamba. Iliwekwa juu ya gramafoni, sindano ikapita kwenye mifereji, na sauti ikatoka. Gramafoni nyingi za wakati huo hazikuhitaji umeme. Mtu aliizungusha kwa mkono ili kukaza springi ya ndani, nayo ikaizungusha sahani. Ndiyo maana ilifaa mahali pasipo nguzo ya umeme, kama redio ya betri ilivyofaa baadaye.

India ilikuwa mbele katika biashara hii. Mwimbaji Gauhar Jaan alirekodiwa mjini Calcutta mwaka 1902, na kampuni ya Gramophone ikajenga kiwanda cha sahani katika mji huo mwaka 1908. Wafanyabiashara wa Kihindi walikuwa na maduka Unguja, Mombasa na kwingineko pwani, na waliona kwamba kuna wateja wanaotaka kusikia lugha yao wenyewe. Mitambo ilikuwa India, mwimbaji alikuwa Unguja, na katikati ya viwili hivyo kulikuwa na meli.

Mwezi Machi 1928 Siti na wenzake walirekodi Bombay kwa ajili ya kampuni hiyo, ambayo sahani zake zilijulikana kwa picha ya mbwa anayesikiliza gramafoni. Siti alikuwa karibu na miaka 48. Katika umri ambao wengi huanza kupunguza kazi, yeye alikuwa anaanza kazi mpya.

Na ilikuwa mpya kweli. Taarab ya baraza haina haraka. Mwimbaji hurudia ubeti watu wanapoupenda, huongeza, husubiri tuzo, hutazama nyuso za wasikilizaji kujua aelekee wapi. Sahani ya wakati ule ilichukua kama dakika tatu tu kwa kila upande. Wimbo ulipaswa kukatwa, kupangwa, kuanza na kumalizika kwa wakati. Kundi zima lilipiga kwa pamoja, na mmoja akikosea ilibidi waanze upya, kwa sababu hakukuwa na namna ya kufuta kosa. Mbele ya mwimbaji hapakuwa na mtu wa kushangilia, ila mtambo na fundi asiyejua Kiswahili. Mwigizaji anayetoka kwenye jukwaa kwenda mbele ya kamera hukutana na ugumu unaofanana na huo.

Siti alikuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kurekodiwa kwenye santuri. Yeye na wenzake walirekodi tena katika miaka michache iliyofuata, na nyimbo zao kwa jumla zilizidi mia. Sahani zao ziliuzwa kwa makumi ya maelfu, idadi kubwa mno kwa wakati ambao gramafoni ilikuwa kitu cha wachache.

Sauti ilifika wapi?

Tusipime kwa idadi ya sahani tu. Sahani moja haikusikilizwa na mtu mmoja. Mwenye gramafoni aliiweka barazani au kwenye mgahawa wa kahawa, na mtaa mzima ukasikiliza. Mabaharia na wafanyabiashara walizibeba sahani kutoka bandari hadi bandari. Walioondoka pwani kwenda kufanya kazi bara walikwenda nazo pia.

Mwaka huo huo wa 1928, mkutano uliofanyika Mombasa ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu cha Afrika Mashariki, na mwaka 1930 ikaanza kazi kamati ya lugha ya nchi zilizokuwa chini ya Waingereza. Vitabu vya shule vikaandikwa kwa lahaja hiyo. Lakini wengi hawakuwa na shule. Kwao, Kiunguja kiliingia kupitia sindano ya gramafoni, kwa sauti ya mwanamke ambaye naye hakusoma shule.

Halafu kuna jambo la heshima. Kabla ya hapo, aliyesikia muziki kwenye mashine alisikia Kiarabu, Kihindi au Kiingereza. Sasa Mswahili alisikia lugha yake ikitoka kwenye mashine ile ile, pamoja na majina ya watu na mitaa anayoijua.

Aliimba kuhusu nini?

Aliimba mapenzi, kama waimbaji wote. Lakini nyumba yake ilikuwa kama chumba cha habari. Watu walikuja na yaliyotokea siku hiyo, na baadhi ya hayo yakageuka kuwa nyimbo. Siti na wenzake waliimba juu ya wanaume wanaowapiga na kuwadhulumu wake zao. Waliimba juu ya wenye vyeo wanaokula fedha za wanyonge. Ng'ambo ya wakati huo ilikuwa na machungu mengi, na mwishoni mwa miaka ya 1920 wakaazi wake waligoma kulipa kodi ya viwanja vya nyumba zao kwa wamiliki wa ardhi.

Wimbo unaokumbukwa zaidi ni ule wa Kijiti. Unasimulia kisa cha mgeni, mwanamke aliyekuja Unguja kutoka Dar es Salaam. Alitoka matembezini usiku pamoja na wenyeji wake wanawake na mwanamume aitwaye Kijiti, wakiwa na pombe. Mgeni yule, ambaye alikuwa mjamzito, akauawa. Kijiti akavuka bahari akakimbilia bara. Kesi ilipofika mahakamani, waliotiwa hatiani ni wale wanawake waliokuwa naye, na muuaji hakuwepo kizimbani.

Fikiria maana ya wimbo huo kwa wasikilizaji wake. Mahakama zilikuwa za watawala. Mwanamke maskini hakuwa na gazeti la kuandika, wala wakili, wala mtu wa kumsemea barazani kwa Sultani. Hukumu ikishatolewa, imetolewa. Siti aliichukua kesi ile akaipeleka kwa watu, na kwa njia ya santuri ikafika hata Dar es Salaam, upande ambao Kijiti alikimbilia. Hakuweza kuibadilisha hukumu. Aliweza kuhakikisha kwamba kila aliyesikiliza anajua nani aliuawa na nani alikwepa.

Kama angebaki kuwa mwimbaji wa baraza tu, huenda kisa hicho kingesahaulika pamoja na waliokishuhudia. Leo, karibu miaka mia moja baadaye, bado tunakisimulia.

Miaka yake ya mwisho

Mwanzoni mwa miaka ya 1930 uchumi wa dunia ulianguka, na bei za mazao nazo zikashuka. Mtu akikosa fedha ya chakula hanunui sahani. Safari za kwenda India kurekodi zikakoma, na umri nao ukasonga. Siti aliendelea kuimba nyumbani Unguja, na wadogo waliendelea kumsikiliza na kujifunza. Mmoja wa waliojifunza kwa kumsikiliza ni Fatuma binti Baraka, tunayemjua sote kwa jina la Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013 baada ya kuzifikisha nyimbo za Siti kwenye majukwaa ya Ulaya na kwingineko.

Karibu na mwisho wa maisha yake, Siti alitembelewa na mwandishi Shaaban Robert wa Tanga. Alimweleza habari zake, na mwandishi akazitia kwenye kitabu kiitwacho Wasifu wa Siti binti Saad. Ni miongoni mwa vitabu vya mwanzo kabisa kuandikwa kwa Kiswahili juu ya maisha ya mwanamke wa Kiafrika. Mwandishi aliyeheshimika kuliko wote katika lugha yetu aliona kwamba maisha ya mfinyanzi wa Fumba yanafaa kusomwa.

Siti alifariki mwezi Julai 1950, akiwa na umri wa miaka kama 70. Mwaka uliofuata, 1951, redio ya Sauti ya Unguja ilianza kutangaza. Hivyo mwimbaji aliyekuwa wa kwanza kusafirisha sauti ya Unguja hakuishi kuiona redio ya Unguja.

Amebaki wapi leo?

Mwaka 1988 Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania, TAMWA, kilianzisha gazeti la kutetea haki za wanawake kikaliita Sauti ya Siti. Mwaka 2020 kitukuu chake, mwimbaji Siti Muharam, alitoa albamu ya nyimbo za bibi huyo. Wapigaji wa taarab mjini Unguja bado wanazijua tuni zake.

Sahani zenyewe ni chache. Zilikuwa nzito lakini dhaifu, na zikidondoka zinavunjika vipande kama chungu. Nyingine ziliishia jalalani pale gramafoni zilipoharibika na kaseti zilipoingia. Kila inayovunjika huenda inaondoka na wimbo usiopatikana kwingine, na pengine na kisa kama cha Kijiti ambacho hakikuandikwa popote.

Kwa hiyo tunawaomba jambo moja, ninyi mnaotusikiliza vijijini, kisiwani na bara. Kama kwenu kuna sanduku la zamani lenye sahani nyeusi, msilitupe kabla hamjalifungua. Zifuteni vumbi kwa kitambaa kikavu, zisimamisheni wima mahali pasipo jua, msome maandishi ya katikati. Na kama kuna mzee anayekumbuka nyimbo hizo, mketini naye, mmwombe aimbe, mumrekodi kwa simu mliyo nayo mkononi. Siti ilimbidi avuke bahari ili sauti yake ihifadhiwe. Ninyi kifaa mnacho hapo hapo.